Wino wa Bi Zena na Maji ya Bomba

Ukitaka kujua kama wino mweusi ni mweusi kweli, usiutazame ukiwa ndani ya chupa. Ndani ya chupa kila wino ni mweusi, hata ule wa zambarau. Dondosha tone moja juu ya karatasi ya kukaushia wino, kisha nenda kanywe chai. Ukirudi utakuta tone limejifungua kama kitenge: katikati kumebaki giza, pembeni kuna bluu, na pembeni zaidi kuna wekundu au manjano ambayo mwenye mali hakukuambia. Hapo ndipo mazungumzo yako na mwenye mali yanapoanza.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopokea mali katika maghala na bohari za siku hizi. Najua wengi wenu hamjawahi kujaza kalamu ya wino, na wengine mtasema babu huyu anatuletea habari za mtungi wakati sisi tuna friji. Sawa. Lakini mnapokea simu, betri, dawa za mbu na saruji, na kila kitu kinakuja na mtu anayeapa kwamba ni kizuri. Kazi ni ile ile.

Mimi nilipima vitu katika bohari moja ya vifaa vya shule na ofisi hapa Dodoma. Nilipima chaki, gundi, karatasi, riboni za mashine za chapa, na wino. Chaki haina mambo mengi. Ikivunjika mkononi kabla haijafika ubaoni, irudishe. Wino ndio ulionipa uzee. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajiona msomi, na kwa muda mrefu nilidhani kupima ni kufuata maelekezo yaliyobandikwa ukutani. Mengi niliyokosea yalitoka hapo.

Aliyenifundisha ni Mzee Ndahani, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, mtu wa koti hata katika joto la Oktoba. Ukiingia na kumwamkia, alikuitikia, akakuamkia upya kwa Kigogo, "Mbukwa," akangoja uitikie kama inavyotakiwa, ndipo mkaanza kazi. Alikuwa na sentensi moja aliyoiandika kwa kila wino uliokuja: "Ng'ombe wa Ndahani wamerudi wote." Aliandika hiyo mwaka mzima, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kwa nini usiandike kitu kingine, mzee?" nilimuuliza.

"Ukiandika jipya kila siku, utasoma maneno. Mimi nataka kusoma wino."

Ni kweli. Jicho likizoea sentensi, linaacha kuisoma, linaona kingo za herufi: kama wino umeota ndevu kwenye nyuzi za karatasi, kama umepenya upande wa pili, kama mwanzo wa mstari ni mzito na mwisho ni mwepesi. Ijaribuni kwa vitu vyenu. Pimeni kila kitu kwa njia moja mpaka iwachoshe. Mara moja mgeni mkubwa kutoka makao makuu alikagua faili zetu za vipimo, akafunua, akafunua, mwishoni akavua miwani na kuuliza kwa upole kama huyu mfanyakazi aliwahi kuibiwa mifugo, na kama bohari ilimsaidia.

Jaribio la jua lilikuwa langu. Unaandika karatasi, nusu unaifunika kwa ubao, nusu unaiacha wazi, unaweka juu ya bati. Jua la Dodoma halina haja ya mashine. Wino dhaifu unapauka ukiutazama. Karatasi niliiweka juu ya kibanda cha baiskeli, na pembeni nikaibana kwa mawe kwa sababu ya upepo. Siku moja nikakuta karatasi haipo, na mawe yamepangwa vizuri, moja juu ya jingine. Upepo haupangi mawe. Mchana nikatoka getini kununua karanga kwa Mama Sechelela. Nikafungua kifurushi, nikasoma: ng'ombe wa Ndahani wamer.

"Mama, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Juu ya bati huko. Ilikuwa imetupwa."

"Haikutupwa. Ilikuwa kazini."

"Kazini juani kutwa?" akasema. "Basi ina ajira kama yangu."

Ilinibidi ninunue vifurushi vyote. Ofisi nzima ilikula karanga siku ile, nami nikaunganisha vipande mezani. Mzee Ndahani alivitazama kwa makini, akaandika kwenye faili: "Jua: haukupauka. Mafuta ya karanga: haukutambaa." Tangu hapo mafuta yakawa sehemu ya vipimo vyetu, kwa maana ni nani anayeandika ripoti za shule bila chapati karibu?

Zamani wino ulikuwa wa aina moja, nao ulikuja ulipotaka. Usipokuja, watu waliuzimua ule uliobaki mpaka barua zikawa kama zimeandikwa kwa chai. Kisha ikafika miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, na kila aliyekuwa na mjomba Dar es Salaam akawa mwagizaji wa wino. Kuna kijana alikuja na sanduku, suruali imepigwa pasi ya kukata mkono, akaniambia, "Mzee, huu ni wa Dubai, hauna maswali." Nilikuwa bado sijawa mzee, nikaudhika. Nikatumbukiza karatasi yake kwenye beseni la maji. Maandishi yakaondoka yote kwa pamoja, kama wanafunzi wakisikia kengele. Kijana akatazama beseni, akaniuliza kama ninajua mtu anayenunua rangi ya vitambaa.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Zena, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute miwani na kukaa chini kuandika.

Mzee Ndahani alikuwa amekwisha kustaafu, na meza ya wino ilikuwa yangu. Asubuhi moja akaingia mwanamke wa makamo, mtandio wa kahawia, kikapu mkononi. Alikuwa wa familia za zamani za hapa mjini, wale ambao mababu zao walifuata misafara ya biashara wakabaki. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya shule ya sekondari, akiwaandalia walimu kemikali.

"Asalaam aleikum. Mpima wino ndiye wewe?"

"Waaleikum salaam. Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Mama yako? Nimekuzaa lini? Niite Bi Zena." Akatoa chupa kutoka kwenye kikapu. "Huu nimeupika mwenyewe."

Aliutengeneza kwa makokwa ya mgunga, yale ambayo akina mama wa vijijini huyatumia kulainishia ngozi za mifugo. Aliyachemsha, akachanganya na chumvi ya chuma, ile ya kijani ya maabara, akaweka gundi ya mgunga ili wino ushike karatasi, na matone ya mafuta ya karafuu ili usiote ukungu. Wino wa namna hiyo una tabia moja ambayo lazima muijue. Ukiandika leo unatoka kijivu. Unakuwa mweusi polepole, kadiri hewa inavyougusa, na kesho yake ni mweusi ambao maji hayauondoi tena.

Niliupima kila kipimo. Tone halikujifungua kuwa rangi za ajabu. Beseni halikuuondoa. Jua liliushindwa. Hata kwenye karatasi mbaya ya madaftari ya wakati ule haukuota ndevu. Niliacha kalamu wazi katika upepo wetu huu mkavu kwa muda wa kipindi kizima cha shule, nikaishika, ikaandika. Nilifurahi kama ni mimi niliyeupika.

Bi Zena alikuwa na sababu ya kungoja jibu langu kwa hamu. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa kimepangishwa kwa fundi cherehani, naye alimwomba fundi aondoke ili aweke masufuria na vichujio vyake. Wanawe, watu wazima wenye kazi zao, walimwambia wazi: wino ukikataliwa, chumba kinarudi kwa mpangaji, na mama anapumzika. "Kupumzika," aliniambia siku moja, akivuta neno lile kama mtu aliyeonja dawa. "Nikae barazani nihesabu wapita njia. Mimi sijachoka, baba Esta," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. " Nani aliwaambia nimechoka?"

Mkuu wa bohari alikuwa Bwana Temu, mtu wa haki lakini asiyependa kuulizwa swali mara mbili. Nilimpelekea matokeo, akaagiza, na wino wa Bi Zena ukapelekwa kwenye shule za mjini na za pembeni.

Muhula haukufika katikati. Siku moja mlango ukagongwa, akaingia Mwalimu Lukas kutoka Nzuguni, vumbi la njiani mpaka kwenye nyusi, na leso imefungwa fundo. Akaifungua mezani kwangu. Ndani mlikuwa na kalamu za walimu wenzake, zote zimeziba.

"Bwana Yohana, huu wino wenu una tope."

Nikafungua kalamu moja. Kweli, nyuma ya nibu, ile ncha ya chuma, kulikuwa na tope jeusi, zito kama masalia ya kahawa. Nikachukua chupa ya wino ule ule kutoka stoo, nikaupima upya mbele yake. Hakuna tope. Nikajaza kalamu yangu, ikaandika bila shida.

"Mwalimu, tatizo ni utunzaji," nikamwambia. "Kalamu ya wino inataka kuoshwa."

"Tunaosha."

"Labda hamuoshi vya kutosha."

Alinitazama, akafunga leso yake, akaondoka bila kunywa chai. Na mimi, kwa kujiamini kwa mtu wa kidato cha nne, nikaandaa waraka kwenda shule zote: walimu waoshe kalamu zao kila wiki, kwa maji mengi, kabla ya kujaza wino. Bwana Temu akautia muhuri. Nilijivunia ule waraka. Nilitumia neno "ipasavyo" mara nyingi.

Baada ya waraka, malalamiko yakaongezeka. Yalikuja kutoka mjini, yakaja kutoka Buigiri, yakaja kutoka Mpwapwa kwa mkono wa kondakta. Bwana Temu akaniita.

"Shule zinafunga sasa. Kabla hazijafungua nataka jibu: wino huu unafaa au haufai. Ukisema haufai, chupa zinarudi kwa mwenyewe, tunaagiza wa nje, na yule mama asituletee tena. Ukisema unafaa halafu ukakosea mara ya pili, utapima chaki mpaka ustaafu."

Nikaenda Nzuguni mwenyewe. Ofisi ya walimu ilikuwa na meza mbili na ndoo ya maji kwenye kona. Mwalimu Lukas alinipokea kwa adabu ambayo haikuwa na joto.

"Umekuja kutufundisha kuosha?"

Wenzake wakacheka. Mmoja wao, Mwalimu Sospeter, alikuwa kwenye kiti cha pembeni akisahihisha madaftari, na kalamu yake ilikuwa inakwenda kama maji ya mfereji. Nikamuuliza anatumia wino gani.

"Huu huu wenu."

"Na kalamu haijaziba?"

"Sospeter?" akadakia Lukas. "Huyo hajaosha kalamu tangu aajiriwe. Hata kikombe chake cha chai anaosha kwa sikukuu."

Walicheka tena, na Sospeter alicheka zaidi ya wote. Mimi sikucheka. Nikamwomba Lukas aoshe kalamu moja kama anavyoosha siku zote, nikasimama nyuma yake. Akachota maji kwenye ndoo, akavuta, akatema, akavuta, akatema, safi kabisa. Mtu anayefuata waraka. Kisha nikaomba glasi, nikaweka maji kidogo ya ile ndoo, nikadondosha wino wa Bi Zena. Wino uliposhuka ulikatika nyuzi nyuzi, na zile nyuzi zikaanza kutuama chini kama masizi.

Nyinyi wa Dodoma mnayajua maji yetu. Tazameni birika lolote la nyumbani, lile gamba jeupe ndani yake. Sabuni haitoi povu nayo mpaka uibembeleze. Chumvi iliyomo ndiyo ilikuwa inapambana na chuma cha kwenye wino. Aliyeosha kalamu aliacha maji kidogo ndani, kisha akajaza wino juu yake, na tope likapikwa humo humo. Aliyekuwa mvivu alisalimika. Na mimi nilikuwa nimewaandikia wote waoshe kwa maji mengi.

Mnauliza, mbona mezani kwangu haikutokea? Kwa sababu mimi nilioshea kwa maji ya betri. Si asidi, nasema yale maji yaliyochujwa kwa mvuke, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Mzee Ndahani alinifundisha hivyo ili chumvi ya bomba isituharibie ulinganisho wa wino mmoja na mwingine, na alikuwa na haki. Lakini mimi nilichukua kipimo cha kulinganisha nikakifanya kipimo cha kila kitu. Naye Bi Zena, aliyezoea usafi wa maabara, alikuwa anapikia maji ya mvua ya kwenye pipa. Wino ule ulikuwa haujawahi kukutana na maji ya mji wake mpaka ulipofika kwa walimu.

Kabla sijaondoka Nzuguni, Lukas akanionyesha kalamu yake mwenyewe, tofauti na zile za shule. Ilikuwa ya baba yake, aliyekuwa katekista, ndiyo aliyoandikia majina ya watoto waliobatizwa. Baada ya waraka wangu aliiosha kila wiki, ikaziba, akajaribu kuizibua kwa sindano, na nibu ikapasuka kati. Nilimtafutia nyingine baadaye, nzuri kuliko ile. Aliipokea, akanishukuru, akaiweka kwenye droo. Sikumwona akiitumia hata mara moja. Hilo bado linaniuma, na sitegemei kwamba litaacha.

Nikaenda kwa Bi Zena moja kwa moja, na nilikwenda na furaha ya mtu anayepeleka msamaha.

"Bi Zena, wino wako hauna kosa. Kosa ni maji. Nitaandika hivyo kwa Bwana Temu: wino unafaa, walimu waoshee kwa maji ya betri."

Alikuwa anachuja. Hakuacha kuchuja.

"Mwalimu wa Buigiri aende kituo cha mafuta kununua maji ya kuoshea peni?"

"Siyo mengi, kidogo tu."

"Baba Esta, umewahi kumwona mtu Dodoma ana maji masafi, halafu anayamwagia kalamu?"

Nikakaa kwenye kigoda kando ya masufuria.

"Usiandike kwamba unafaa," akasema. "Haufai. Wino wa Dodoma usioyaweza maji ya Dodoma ni wino wa wapi?" Akaweka kichujio chini, akafuta mikono. "Niambie tu nina muda gani."

Nikamwambia muda wa likizo. Nikamwambia na yale aliyosema Bwana Temu, kwamba akirudishiwa chupa hatapewa nafasi tena. Alitazama masufuria yake na ile misumari ya ukutani ambapo fundi cherehani alikuwa ametundika nguo.

"Basi tusikae," akasema.

Alijua kwamba uchachu unatuliza chuma ndani ya maji. Hilo alilitoa maabara. Alianza na ukwaju, maana ukwaju huku haununuliwi kwa shida. Wino ulikubaliana na maji ya bomba vizuri sana, na sisimizi wakakubaliana na wino. Nilikuta karatasi yangu ya jaribio ina mstari wa sisimizi juu ya sentensi, wakifuata herufi moja moja bila kuruka hata nukta, kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Baada ya siku chache chupa ikaota ukungu. Akajaribu siki. Sisimizi hawakuja, lakini nibu niliyoilaza ndani ya wino ilitoka imekwanguka kama kijiko cha zamani. Kumbukeni hilo: kabla ya kusifu wino, laza chuma ndani yake ukasahau, kisha ukumbuke.

Aliyetuokoa, bila kujua, alikuwa muuza sharubati wa sokoni. Bi Zena alimwona akitia unga mweupe kwenye ndoo, akamuuliza ni nini, naye akasema ni ndimu ya unga, nusu kijiko tu, ukizidisha watu wanakunja uso. Bi Zena akarudi nyumbani na karatasi ya ndimu ya unga. Kidogo haikutosha, nyuzi zilirudi. Nyingi iliufanya wino uchelewe mno kuwa mweusi. Alipanda na kushuka kwa ncha ya kijiko, nami nikiandika ng'ombe wa Ndahani mpaka mkono ukafa ganzi.

Safari hii niliweka maji ya betri kabatini, nikafunga. Niliagiza maji ya watu wenyewe. Mwalimu Lukas alileta chupa ya Nzuguni. Kutoka Buigiri na Mpwapwa niliwaomba makondakta wa mabasi waniletee.

"Mzee," kondakta wa Mpwapwa aliniuliza akinikabidhi chupa, "serikali imehamia Dodoma mpaka maji mnaletewa na basi?"

"Ni ya kupimia wino."

Aliinua chupa juani, akaitazama. "Wino wenyewe uko wapi humu?"

Tulipanga glasi dirishani kwa Bi Zena, kila moja na maji ya mahali pake, tukadondosha. Wino ulishuka, ukasambaa, ukabaki umesambaa. Tuliziacha mpaka kesho yake, na keshokutwa. Chini ya glasi hakukuwa na kitu. Nibu iliyolala kwenye wino ilitoka laini. Ndipo nikamwambia Bwana Temu kwamba jibu liko tayari, na kwamba ningeomba aje aone mwenyewe badala ya kusoma.

Alikuja. Akakagua glasi moja moja, akauliza maswali yake, kila moja mara moja. Mwishowe akasema, "Haya, andika."

Nikachomoa kalamu mfukoni, nikaandika kwenye karatasi ya bohari kwamba wino mweusi wa Bi Zena umepimwa kwa maji ya mahali unapotumika na unafaa. Nikamsogezea Bi Zena aone. Aliitazama muda mrefu kuliko yalivyostahili maneno machache kama yale.

"Hiyo imeandikwa kwa wino wa nani?" akauliza.

Nikatazama kalamu yangu. Nilikuwa nimeijaza asubuhi kwa ule wa nje, kwa mazoea. Bwana Temu, ambaye sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka ofisini, aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika.

Sikujitetea. Nilikwenda uani kwenye bomba, nikaimwaga, nikaiosha kwa maji ya bomba, nikavuta na kutema mpaka yakatoka meupe, wote wawili wamesimama mlangoni wakinitazama kama mtu anayetawadha. Nikaijaza wino wake. Nikaandika karatasi mpya, maneno yale yale, nikatia saini.

Bwana Temu akaichukua, uso ukabadilika.

"Mbona kijivu?"

"Ndiyo unavyoanza," nikasema.

"Siwezi kutia muhuri kwenye karatasi ya kijivu inayosema wino ni mweusi."

"Usitie," akasema Bi Zena. "Ondoka nayo. Ikilala ikiamka kijivu, nirudishieni chupa zangu, na chumba nitampa fundi wake."

Nilitaka kusema jambo, kwamba ndimu ya unga huenda ikachelewesha, kwamba tungoje siku mbili. Bi Zena alinitazama, nikafunika kalamu yangu. Bwana Temu akaikunja karatasi, akaondoka nayo.

Asubuhi nilifika kazini mapema, na Bi Zena alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye benchi la nje na mtandio wake wa kahawia, mikono mapajani. Tuliamkiana. Bwana Temu alipofika alitupita, akafungua ofisi, akafungua droo. Tulisikia karatasi ikikunjuliwa. Kisha muhuri, mara moja, kwa nguvu, kama anavyogonga mtu asiyependa kurudia.

Alitoka nayo mwenyewe, akampa Bi Zena. Herufi zangu zilikuwa nyeusi kabisa, nyeusi kuliko muhuri. Mimi nilidhani atasoma. Hakusoma. Aliigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akakagua mgongo wa karatasi toka juu hadi chini.

"Haukupenya," akasema. Akanirudishia, akainuka, akajifunga mtandio vizuri. Alikuwa ameacha sufuria motoni.